Mwalimu Mpya wa Kimana na Matayarisho ya Kutafuta Kazi

Kila mwaka vyuo vya ualimu na vyuo vikuu vya Kenya huwatoa walimu wapya, na kila mwaka baadhi yao hushuka kwenye gari litokalo Emali katika soko la Kimana, chini ya mlima Kilimanjaro, wakiwa na sanduku la nguo, bahasha ya vyeti na matumaini makubwa. Nyumbani husubiriwa na watu wengi. Baba aliyeuza ng'ombe ili alipe karo ataka kuona faida ya ng'ombe wale. Mama aliyelima nyanya na vitunguu kwa maji ya chemchemi ataka kupumzika. Na wadogo zao walio bado shuleni wanatazamia kulipiwa. Mwezi wa kwanza hupita kwa furaha, wa pili hupita kwa maswali, na ufikapo mwezi wa sita mwalimu yule huanza kuiepuka njia ipitayo mbele ya maduka, kwa kuwa kila amwonaye humwuliza, "Je, Tume bado haijakuita?"

Yafaa kusema kweli tangu mwanzo. Kukosa kazi kwa mwalimu mpya si dalili ya uvivu wala ya laana. Walimu waliosajiliwa nchini Kenya ambao hawana ajira ya kudumu ya Serikali huhesabiwa kwa mamia ya maelfu, na fedha za kuwaajiri hupatikana kidogo kidogo. Ajabu ni kwamba shule nazo zinalia kwamba hazina walimu wa kutosha. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo mwaka 2003, na tena tangu shule za sekondari ya chini zilipoanza mwaka 2023 ndani ya viwanja vya shule za msingi, madarasa yamejaa kuliko mishahara ilivyoongezeka. Basi mwalimu mpya husimama kati ya mambo mawili: kazi ipo, lakini fedha za kumlipa aifanyaye ni chache. Katika hali kama hiyo, nafasi itangazwapo, humwendea yule aliyejitayarisha zamani, wala haimngoji mwenye kukimbilia vyeti vyake siku ya mwisho.

MWAJIRI NI NANI?

Jambo la kwanza ni kumjua mwajiri. Kabla ya uhuru mwalimu Mwafrika wa Kenya hakuwa na mwajiri mmoja. Baadhi yao waliajiriwa na misheni, wengine na bodi za elimu za wilaya, na wengine na Serikali yenyewe. Mishahara ilitofautiana, na masharti ya kazi vilevile. Chama cha walimu, KNUT, kilichoanzishwa mwaka 1957, kilidai kwa miaka mingi kwamba walimu wote wawekwe chini ya mwajiri mmoja, na dai hilo lilitimia mwaka 1967 ilipoundwa Tume ya Kuajiri Walimu, ijulikanayo sana kwa jina la TSC. Katiba ya mwaka 2010 iliithibitisha Tume hiyo na kuipa kazi ya kuwasajili walimu, kuwaajiri, kuwapeleka shuleni, kuwapandisha vyeo na kuwarudi wanaokosa.

Hata hivyo si kila mwalimu huajiriwa na Tume, na wengi hupoteza wakati kwa kutojua hivyo. Mwalimu wa watoto wadogo, wale ambao bado hawajaingia darasa la kwanza, huajiriwa na serikali ya kaunti, kwa sababu Katiba iliiweka elimu hiyo mikononi mwa kaunti. Basi mwenye cheti cha kufundisha watoto hao na aangalie matangazo ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Kajiado, wala asikae akingoja TSC. Pia shule ya umma iliyopungukiwa na walimu yaweza kumwajiri mwalimu kwa fedha ya Bodi ya Usimamizi wa Shule. Mwalimu wa namna hiyo huitwa na watu mwalimu wa Bodi. Na mwisho ziko shule za watu binafsi na za makanisa, ambazo huajiri kwa mapatano yao wenyewe.

Hiyo ni milango minne, na yote ina kizingiti kimoja, yaani usajili. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inakataza mtu kufanya kazi ya ualimu kabla ya kusajiliwa, hata kama shule ni ya mtu binafsi na hata kama mwenye shule ni shemeji yake. Pana vijana wasemao, "Nitajisajili nafasi zitakapotangazwa." Huko ni sawa na kwenda kutafuta jembe baada ya mvua kunyesha. Usajili huchukua muda, nao wategemea hati nyingine ambazo kila moja ina ofisi yake na foleni yake.

BAHASHA YA VYETI

Mwalimu mpya atakaye kusajiliwa hufanya maombi yake kwa njia ya mtandao wa Tume. Hutakiwa kuwa na vyeti vya masomo tangu cha shule ya sekondari hadi cha chuo, hati ya matokeo ya chuo kwa kila mwaka, kitambulisho cha taifa, namba ya mlipa kodi, picha, fomu ya daktari inayoonyesha kwamba afya yake yafaa kwa kazi, na hati ya polisi ya mwenendo mwema. Hati hii ya mwisho ndiyo huwachelewesha wengi. Huombwa kwa mtandao wa serikali uitwao eCitizen, kisha mwombaji huenda kuchukuliwa alama za vidole, na baada ya hapo hungoja. Mtu wa Kimana atambue kwamba mji wa Kajiado uko mbali, upande wa pili wa nyika ya Amboseli, na kwamba nauli ya safari moja iliyosahau karatasi moja ni nauli ya safari mbili. Kabla ya kutoka nyumbani na aulize kwanza ni ofisi gani ya karibu ifanyayo kazi hiyo, na ni karatasi zipi zinazotakiwa.

Kisha aangalie alama zake bila kujidanganya. Atakaye kufundisha sekondari hutakiwa awe amepata wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha. Kwa upande wa shule za msingi, stashahada ya ualimu ya miaka mitatu, iliyoanza kutolewa mwaka 2021, imechukua mahali pa cheti cha zamani cha P1, nayo humtaka mwanafunzi awe na wastani wa C. Mzazi ambaye bado hajalipa karo ya chuo na ayajue mambo hayo mapema. Ni uchungu mkubwa kijana kusomeshwa miaka minne, na mwishowe kuambiwa kwamba somo lake la pili halitimizi sharti.

Katika nchi ya Wamaasai liko jambo jingine lisilotajwa sana ambalo limewasumbua wengi, nalo ni jambo la majina. Mtoto huandikishwa shuleni kwa jina moja la nyumbani na jina la ubatizo. Afikapo umri wa kitambulisho, huandikwa pamoja na jina la babake likitanguliwa na "ole". Na chuoni karani huliacha neno hilo au kuliunganisha na jina lifuatalo. Mwenyewe hujiona ni mtu yule yule, na wazee wote wa boma wanamjua. Lakini mtambo wa mtandao haumjui. Kwake hao ni watu watatu, nao humrudishia maombi yake. Kwa hiyo kila mwalimu mpya na aziweke hati zake zote mezani, moja kando ya nyingine, asome majina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa vilevile. Akiona tofauti, amwendee wakili aape kiapo, au afanye hati ya kubadili jina ikiwa tofauti ni kubwa, na amalize jambo hilo wakati hakuna haraka.

Wako pia ambao vyeti vyao vya sekondari vimebaki shuleni kwa sababu ya deni la karo. Wizara ya Elimu imekwisha kuagiza mara kadhaa kwamba vyeti visizuiliwe kwa sababu hiyo. Anayedaiwa asione haya kumwendea mwalimu mkuu pamoja na mzazi wake, kwa adabu, aeleze hali yake na kuomba cheti chake. Akikataliwa, ofisi ya elimu iko Loitokitok, na kazi yake ni kusikiliza maneno kama hayo. Cheti kilichofungiwa kabatini kwa miaka mitano hakimlipi mwenye kudai, wala hakimlishi mwenye kudaiwa.

Vyeti vikikwisha kupatikana vitunzwe. Nyumba huungua, mafuriko huja, na mchwa hawajui thamani ya shahada. Vitolewe nakala kadhaa, vithibitishwe na wakili, na picha zake zihifadhiwe katika simu na katika barua pepe ya mwenyewe ambayo neno lake la siri analijua yeye. Wengi humwachia mwenye duka la kompyuta awafungulie barua pepe, kisha husahau neno la siri. Na siku Tume ikiwaandikia, barua hulala mahali wasipoweza kuingia.

BARUA NA MAHOJIANO

Barua ya kuomba kazi haina haja ya maneno makubwa. Wako waandikao ukurasa mzima wa salamu na sifa, wakataja neno la kazi katika mstari wa mwisho. Karani asomaye barua mia kwa siku moja ataka mambo machache: nafasi iombwayo na namba ya tangazo lake, namba ya usajili ya mwalimu, masomo anayofundisha, mahali alipofanyia mazoezi ya kufundisha, na namna ya kumpata. Ukurasa mmoja watosha. Kando yake huwekwa wasifu wa mwombaji, ulioandikwa kwa utaratibu na kweli tupu, pamoja na majina ya watu wawili au watatu wanaoweza kumshuhudia. Watu hao waombwe ruhusa kwanza. Si vizuri mwalimu mkuu kupigiwa simu na mtu asiyemjua, aulizwe habari za kijana aliyekwisha kumsahau. Kijana mwenye busara humtembelea mwalimu huyo mara moja kwa mwaka, amjulie hali na kumwambia anaendeleaje.

Mahojiano ndipo wengi huanguka, hata wale wenye alama nzuri. Wajumbe wa Bodi ni wazazi, na pengine baadhi yao hawakusoma sana, lakini wanaijua shule yao. Hawatauliza tu maana ya elimu. Watauliza mambo yaliyowapata. Darasa lina watoto 60 na vitabu 20, mwalimu atafanyaje? Ukame umekuja, kama ule uliomaliza mifugo mingi ya Kajiado kati ya mwaka 2020 na 2023, na wavulana wamekwenda na ng'ombe mbali. Watakaporudi, mwalimu atawafundishaje yale yaliyowapita bila kuwachelewesha wenzao? Msichana wa darasa la saba hajaonekana wiki mbili, na kuna habari kwamba anatayarishiwa harusi. Mwalimu atamwendea nani?

Mwombaji aliyejitayarisha huwa na majibu, kwa sababu amefikiri juu ya maswali hayo kabla ya siku hiyo. Anajua kwamba sheria ya ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa miaka 18, na kwamba habari ya msichana yule yapasa kupelekwa kwa mwalimu mkuu, kwa chifu na kwa afisa wa watoto bila kukawia. Anajua kwamba kiboko kiliondolewa shuleni mwaka 2001, na kwamba sheria ya elimu ya mwaka 2013 imekataza kumpiga mtoto. Basi hawezi kusema mbele ya Bodi kwamba nidhamu ataileta kwa fimbo. Anajua jinsi mtaala wa umilisi unavyotaka mtoto atende na asikariri tu, na kwamba katika madarasa ya chini lugha ya mahali hupewa nafasi yake. Mwalimu ajuaye Kimaasai aseme hivyo waziwazi, na asiyejua aseme atajifunza. Kimana ina watu wa makabila mengi waliovutwa na soko na maji ya kumwagilia, na mtoto wa kila nyumba anahitaji mwalimu atakayemwelewa.

Zaidi ya maneno, achukue vitu vya kuonyesha. Maazimio ya kazi aliyoyaandika wakati wa mazoezi, maandalio ya masomo, rekodi za kazi, ramani aliyoichora kwenye gunia, mizani aliyoitengeneza kwa kamba na vifuniko vya chupa: vitu hivyo husema mengi kuliko shahada. Wengi huvitupa siku ya kumaliza chuo. Heri wavirudishe nyumbani wavihifadhi, kwa maana ndivyo ushahidi kwamba wamekwisha kusimama mbele ya watoto.

KIMANA AU KITENGELA?

Katika Kaunti ya Kajiado vijana wengi hutazama upande wa Kitengela. Mji huo uko karibu na Nairobi, umekua upesi sana, na shule za watu binafsi ni nyingi. Si kosa kwenda huko. Shule nyingi kati ya hizo humpa mwombaji somo la majaribio, yaani humtia darasani afundishe huku mkuu wa shule ameketi nyuma akitazama. Kijana akipata mwaka mmoja au miwili ya kazi ya namna hiyo, akafundisha kwa kompyuta na kuzoea kukaguliwa, hujifunza mengi.

Lakini kabla ya kupanda gari na achukue kalamu na karatasi. Mathalani, mtu aahidiwe shilingi 18,000 kwa mwezi huko Kitengela. Akilipa chumba shilingi 7,000, chakula 6,000 na nauli na maji 3,000, hubaki na 2,000. Mwenzake akipewa shilingi 10,000 na Bodi ya shule iliyo karibu na kwao Kimana, akalala nyumbani na kula nyumbani, akatumia 3,000 kwa mahitaji yake, hubaki na 7,000, na jioni aweza kuangalia kipande chake cha vitunguu. Hesabu hizi ni za mfano tu, na kila mtu ana zake. Lakini hesabu ni lazima ifanywe, kwa kuwa mshahara mkubwa katika mji wa gharama kubwa waweza kuwa mdogo kuliko mshahara mdogo wa nyumbani. Kwa upande mwingine, akaaye nyumbani akumbuke kwamba fedha ya Bodi hutoka katika mifuko ya wazazi, na mwaka wa ukame huweza kuchelewa miezi mingi. Hilo nalo liingie katika hesabu.

Popote aendapo, atake mapatano yaliyoandikwa. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 inataka mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi yaandikwe, na ndani yake uonekane mshahara, siku ya kulipwa, saa za kazi, likizo na muda wa kuarifiana kabla ya kuachana. Aulize kama anakatiwa fedha ya uzeeni na ya bima ya afya ya jamii, ile iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba mwaka 2024, na kama fedha hizo zinafika kunakotakiwa. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Mkulima hauzi mahindi yake kabla ya kujua bei ya gunia.

Wala asidhani kwamba shule ya mashambani huzika jina la mwalimu. Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa hesabu na fizikia, alikuwa akifundisha katika Shule ya Sekondari ya Keriko, kijijini Pwani, Njoro, katika Kaunti ya Nakuru, mahali penye ukame na umaskini, katika shule yenye kompyuta moja. Alitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia wanafunzi wake, na wanafunzi hao wakashindana na shule kubwa katika maonyesho ya sayansi. Mwaka 2019, huko Dubai, alipewa tuzo ya ualimu ya dunia nzima, ya dola 1,000,000. Si kila mwalimu atapata tuzo, lakini kazi nzuri huonekana hata ikifanywa mbali na barabara ya lami.

WAUZAJI WA NAFASI

Panapo njaa pana wachuuzi wa chakula kibovu. Kila Tume inapotangaza nafasi, hutokea watu wajidaio kuwa na ndugu katika makao makuu ya Nairobi. Husema kwamba nafasi moja iko wazi, kwamba majina yatafungwa kesho, na kwamba kiasi fulani cha fedha kikitumwa kwa simu leo usiku barua itatoka. Wengine huleta barua yenyewe, ina nembo na muhuri. Mzazi aliyechoka kungoja huuza ng'ombe wa mwisho, kijana huenda na barua katika shule iliyotajwa, na huko huambiwa kwamba barua ni ya bandia. Fedha imekwenda, ng'ombe amekwenda, na simu ya yule mtu imezimwa.

Tume haiuzi kazi. Nafasi zake hutangazwa waziwazi, waombaji huorodheshwa kwa alama zinazojulikana, na kwa miaka kadhaa waliohitimu zamani wamepewa alama zaidi ya waliohitimu juzi. Atakaye kuhakikisha neno lolote na aende kwa ofisi ya Tume ya kaunti au ya kaunti ndogo kwa miguu yake mwenyewe. Na kama mtu wa ofisini mwenyewe ndiye aombaye hongo, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ipo, nayo hupokea habari bila kutangaza jina la aliyeileta.

Yuko na mwizi wa namna nyingine, yule ajiibiaye mwenyewe kwa kununua cheti cha uongo. Vyeti huchunguzwa, na Baraza la Mitihani hutunza orodha ya kila mtihani. Wako waliofanya kazi miaka mingi kwa vyeti vya kughushi, kisha wakagunduliwa, wakafutwa, na mahakama zikawaamuru kurudisha mishahara waliyokwisha kula. Njia ya mwongo ni fupi, ingawa pengine huonekana ndefu kwa anayeipita.

SIKU ZA KUNGOJA

Labda jambo gumu kuliko yote ni namna ya kungoja. Tangu mwaka 2019 Tume imekuwa ikiwachukua baadhi ya walimu wapya kama wanagenzi, kwa posho iliyo chini ya mshahara wa kawaida. Mpango huo umelalamikiwa sana, na mwezi wa Aprili mwaka 2024 mahakama ya kazi mjini Nairobi iliamua kwamba mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa hapaswi kutendewa hivyo. Mwezi wa Januari mwaka 2025 makumi ya maelfu ya wanagenzi hao waliingizwa katika ajira ya kudumu. Waliokataa posho kwa hasira walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini walioingia, wakafundisha na kudai haki yao wakiwa ndani kupitia vyama vyao, ndio waliokuwa karibu na mlango ulipofunguliwa. Kila mmoja na apime mwenyewe, akijua kwamba kukubali kidogo kwa muda si kukubali dhuluma milele.

Anayengoja nyumbani asikae bure. Maarifa ya darasani huota kutu kama panga lisilotumiwa. Mwalimu wa hesabu aweza kuwakusanya watoto wa jirani jioni mara mbili kwa wiki. Mwalimu wa kilimo yuko Kimana, mahali penye chemchemi na mashamba ya nyanya, na hana udhuru wa kusema hana maabara. Mafunzo mafupi ya kompyuta, usomaji wa mtaala mpya, kujitolea katika shule ya karibu kwa mapatano na mwalimu mkuu: mambo hayo yote huandikwa katika wasifu, nayo huonyesha kwamba miaka ya kungoja haikupotea. Na kulima au kufanya biashara ndogo si aibu kwa mwenye shahada. Anayejilisha mwenyewe husimama mbele ya Bodi bila kutetemeka, wala hanunuliwi na matapeli kwa urahisi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Ng'ombe waliouzwa walikuwa mali ya kweli, na haki ya kutazamia faida haikanushiki. Lakini kumwuliza kijana kila asubuhi kama ameitwa hakumletei barua. Yafaa baba na mama wakae naye siku moja, waone karatasi zake zote, wajue zipi zimekamilika na zipi hazijakamilika, wakadirie fedha ya nauli na ya hati kwa mwaka mzima, na wamgawie kipande cha shamba au mbuzi wachache wa kuanzia. Mtoto aliyeshirikishwa namna hiyo hatafichaficha shida yake, wala hatakwenda usiku kwa mtu wa barua za bandia kwa kuogopa uso wa babake.

Mwaka wa shule huanza Januari, na nafasi za walimu zaweza kutangazwa mwezi wowote ambao fedha imepatikana. Kwa hiyo, kabla ya mwisho wa mwezi huu, kila mwalimu mpya wa Kimana na apindue bahasha yake juu ya meza, ahesabu kilichomo na kuandika kisichokuwamo, kisha aanze na kile kinachochukua muda mrefu kuliko vyote.